Mrejesho: taka zilizopita na alama ya ALL_TRUSTED

Asanteni wakuu. Swali lilikuwa hili: kwa nini SpamAssassin (kichujio cha barua taka) kwenye seva ya barua pepe ya Kisumu ilizipa barua taka ALL_TRUSTED (alama ya barua iliyopita seva za kuaminika tu), yaani pointi -1 inayopunguza shaka, na nyingi zikapenya?

Limekwisha. Seva iko nyuma ya ruta, ina anwani ya ndani tu, na trusted_networks (orodha ya seva tunazoziamini) haikuwa imeandikwa. Programu ikabahatisha, ikahesabu hata seva za nje kuwa za kwetu. Sasa local.cf (faili ya mipangilio ya SpamAssassin) ina:

trusted_networks 192.168.10.5 203.0.113.25
internal_networks 192.168.10.5 203.0.113.25

(Anwani ya pili ni ya mfano; weka ya seva yako ya akiba, inayopokea barua ile kuu ikizimika. Yetu iko Nakuru.) 127.0.0.0/8 (anwani za seva kujirejelea yenyewe) haihitaji kuandikwa. Msiweke 192.168.0.0/16 nzima kwa uvivu.

Seva ya akiba lazima iwe kwenye internal_networks (orodha ya seva zinazopokea barua kwa niaba yetu) pia. Ikikosekana, orodha za kuzuia (za anwani zinazoshukiwa) zitakagua anwani yake badala ya ile ya mtumaji halisi, na hapo kichujio ni kama kipofu.

Jaribuni kwa spamassassin --lint, kisha spamassassin -D -t < barua.eml, tazameni X-Spam-Relays-Untrusted (seva zilizohesabiwa kuwa si za kuaminika). Mkitumia amavis (programu inayoiendesha SpamAssassin ndani yake), washeni upya amavis yenyewe, si spamd (huduma ya SpamAssassin inayojitegemea).

Wafanyakazi wanaotuma kwa modemu za nyumbani walikuwa wakiadhibiwa na RCVD_IN_PBL (alama ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, kama za nyumbani). Kwenye Postfix (programu ya seva ya barua), smtpd_sasl_authenticated_header = yes, inayoandika kwenye barua kwamba mtumaji amethibitishwa, imetosha.