Utafiti wa pamoja wa maji Turkana: mkataba uwe na masharti gani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu hapa Nairobi kinaandaa mkataba wa utafiti na chuo kimoja cha ng'ambo kuhusu maji ya chini ya ardhi katika Kaunti ya Turkana. Wenzetu wana fedha na picha za setilaiti, nasi tunalijua eneo. Ni masharti gani yaingizwe mapema ili matokeo yawafae wakazi, yasiishie majaridani?

MpimaVisima
Tengeni kwanza bajeti ya kupima visima kwa miaka mingi. Mnamo Septemba 2013 serikali yetu na UNESCO zilitangaza hifadhi kubwa ya maji Lotikipi na nyingine Lodwar, zilizotambuliwa kwa rada na setilaiti kisha kuthibitishwa kwa uchimbaji. Hata hivyo, maji ya Lotikipi yalipopimwa baadaye yalikutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywewa. Kwa hiyo andikeni waziwazi ni nani atakayepima chumvi na floridi (madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi), ambayo katika visima vingi vya Bonde la Ufa huzidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na ni nani atakayesoma kina cha maji kiangazi na masika, hata wageni wakisharudi kwao. Kina kilichopimwa mara moja hakionyeshi kama mvua inarudisha maji yanayovutwa.

Mwenyeji wa Kitui
Naafiki, ila wakazi washirikishwe tangu kuandikwa kwa maswali ya utafiti. Huku Ukambani tunajenga mabwawa ya mchanga: ukuta hukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuyakinga maji yasikaushwe na jua, na wanaojua mto unapita wapi ukifurika ni wenyeji. Wafugaji nao wana utaratibu wa malisho na zamu za kunywesha. Msipouuliza, mtapendekeza kisima mahali ambapo nyasi haziwezi kustahimili mifugo itakayokusanyika.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Je, takwimu ziwe mali ya nani?

MpimaVisima
Ziwe za pande zote mbili, na nakala ikabidhiwe serikali ya kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wakazi waelezwe matokeo ya kisima chao kwa Kiturkana kabla ya makala kuchapishwa, kwa sababu anayekunywa maji yenye floridi leo hawezi kusubiri jarida. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, nacho kiombwe mapema.