Tupeane uzoefu: Mliofanyiwa oparesheni ya kupunguza uzito, vidonge vya vitamini mnavimezaje?

Mleta mada (Mtwara mjini)

Habari za jioni wadau, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Wakubwa zangu shikamooni.

Wiki iliyopita nilikutana na dada mmoja kituo cha mabasi, amepungua, kapendeza. Katika maongezi tukagundua wote tumepitia oparesheni ileile. Nikamuuliza anameza nini siku hizi. Akanijibu, "Vidonge niliacha zamani dada, uzito si umeshashuka?" Usiku ule sikulala, maana maneno hayohayo niliyasema mimi miaka mitatu nyuma.

Mimi nilifanyiwa ile ya kuchepusha utumbo, yaani tumbo linafanywa dogo na chakula kinaruka mwanzo wa utumbo mwembamba, nikiwa na kilo 128. Mwaka wa kwanza nilimeza kila nilichoandikiwa. Mwaka wa pili nikaanza kuruka siku, kisha wiki, mwisho nikabaki na vile vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito kliniki, vyenye madini chuma na asidi ya foliki. Nikipima damu ni 12, najiona mzima. Kumbe huku chini vidole vya miguu vinakufa ganzi. Nilidhani ni viatu. Ikafika mahali kandambili zinanivuka njiani sina habari, mwanangu ndiye anaziokota nyuma yangu. Umeme ukikatika usiku nashika ukuta, maana bila kuona chini siwezi kujua mguu wangu umekanyaga wapi.

Ilikuwa ni upungufu wa vitamini B12. Daktari alinieleza hivi: ili B12 ifyonzwe kule mwisho wa utumbo mwembamba, inahitaji asidi ya tumbo na protini maalumu inayotengenezwa na tumbo lenyewe. Tumbo langu sasa ni kijifuko tu. Ini huwa na akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu unaacha vidonge na hakuna kinachokuuma, unajiona umeshinda. Na ile asidi ya foliki niliyokuwa nameza iliinua damu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ndiyo maana kipimo cha damu kilinidanganya.

Nilichomwa sindano za mikrogramu 1000, mwanzoni mfululizo, sasa ni moja kila mwezi. Kuyumba kumeisha. Ganzi ya vidole viwili vya mguu wa kulia haijaisha, na nimeambiwa huenda isiishe.

Naomba kila aliyepitia aeleze yake. Aliyekatwa tumbo likabaki jembamba kama ndizi, aliyechepushwa utumbo, hata aliyemuuguza ndugu. Tusifichane.

Mwalimu wa Masasi

Pole sana dada. Yangu ni ya mdogo wangu wa kiume, na naandika kwa uchungu.

Alikatwa tumbo. Wiki ya tatu akaanza kutapika. Akinywa uji anatapika, akinywa maji anatapika. Sote tukasema ni kawaida, tumbo bado dogo, litazoea. Ilipofika wiki ya sita hawezi kusimama. Tukampeleka zahanati, wakamwekea dripu ya glukosi. Kesho yake hali ikawa mbaya zaidi: anaona vitu viwiliviwili, macho yanachezacheza, akitembea anapepesuka, na mimi kaka yake ananiita kwa jina la marehemu baba.

Tulimkimbiza hospitali kubwa. Daktari wa zamu, Mungu ambariki, alipiga swali moja tu: "Ametapika kwa muda gani?" Akaagiza sindano ya vitamini B1 kwenye mshipa hapohapo, hata kabla ya majibu ya maabara. Baadaye akatuambia mwili hauhifadhi B1 nyingi, akiba yake ni ya wiki chache tu. Mwili ukipewa sukari wakati B1 imekwisha, ile kidogo iliyobaki inatumika yote, na ubongo ndio unaoumia. Ilitakiwa B1 itangulie au iende pamoja na dripu.

Macho yalirudi ndani ya siku chache. Kutembea kulichukua miezi. Kumbukumbu haijarudi yote. Alikuwa fundi umeme hodari, leo akifunga soketi lazima aandike hatua kwenye karatasi.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa anayetapika baada ya oparesheni hii, usisubiri wiki ya pili. Ukifika hospitali tamka mwenyewe: amefanyiwa oparesheni ya tumbo, anatapika, tunaomba B1.

Mleta mada

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Mpe salamu mdogo wako.

Mama wa Lindi

Mimi langu ni chuma. Nilijijua nilipoanza kula udongo. Nina miaka 41, sina mimba, nanunua pemba sokoni naficha kwenye mkoba kama msichana. Shangazi yangu ndiye aliyenikamata, akasema, "Mwanangu, wewe huna damu." Nilipima, ikawa 7.

Vidonge nilikuwa nameza, wala sikuacha hata siku moja. Kosa langu ni namna ya kumeza. Asubuhi natia vyote kiganjani, chuma, kalsiamu na multivitamini, nasukumizia na chai ya rangi. Kalsiamu inazuia chuma kufyonzwa, na chai nayo inazuia. Ni kama nilikuwa navitupa. Sasa chuma nakimeza peke yake, kwa maji na kipande cha chungwa, na chai nainywa baadaye. Kalsiamu haisogelei chuma chini ya saa mbili. Tena kalsiamu mwili haupokei nyingi kwa mpigo: kama umeandikiwa miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, zigawe, kila mara isizidi 500 au 600. Mimi vidonge havikutosha peke yake, ilibidi nitiwe chuma kwa mshipa kwanza.

Ramadhani ilinisumbua kupanga. Nilimuuliza daktari mapema, mwezi wa Shaabani, tukapanga hivi: kalsiamu wakati wa futari, chuma baada ya tarawehe, kalsiamu tena daku. Na maji kidogokidogo usiku kucha. Aliniambia pia mwaka wa kwanza baada ya oparesheni nisingeruhusiwa kufunga, na nilimwelewa.

Choo kikiwa cheusi wakati unameza chuma usiogope. Ila kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, nenda hospitali.

Mzee wa Mikindani

Wanangu, nauliza kwa nia njema. Kijana wangu kafanyiwa hiyo kitu. Hapa nyumbani tuna samaki, pweza, kisamvu, mbaazi, korosho zimejaa. Kwa nini ale vidonge kama mgonjwa?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Chakula hicho ni kizuri na aendelee nacho, aanze na samaki kabla ya ugali, maana protini anahitaji angalau gramu 60 kwa siku na tumbo linajaa haraka. Tatizo ni njia. Chukulia basi linatoka Dar kuja Mtwara, abiria wa Masasi inabidi washuke Mingoyo pale njia panda. Sasa basi likichepushwa lisipite Mingoyo kabisa, abiria hata wawe hamsini, hakuna atakayefika Masasi kwa njia ile. Chuma na kalsiamu kituo chao kikuu ni sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na aliyechepushwa, chakula hakipiti tena pale. Aliyekatwa tumbo bila kuchepushwa, njia ipo, ila anakula kidogo mno na asidi imepungua. Wote wawili wanameza maisha yao yote. Mzee, msaidie asiache.

Mzee wa Mikindani

Marahaba binti. Mfano wa Mingoyo nimeuelewa. Nitamsimamia.

Mdau wa Kilwa

Mimi niongeze la barabara. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga, kifurushi changu cha vitamini kilikuwa kwenye basi kutoka Dar. Nilikaa bila dozi na huku maduka ya dawa ya karibu yana multivitamini za watoto tu. Tangu hapo sisubiri chupa iishe. Nikibakiwa na ya miezi miwili naagiza nyingine. Na ukikosa kalsiamu sitreti, ambayo haihitaji asidi ya tumbo, kabonati inapatikana kirahisi zaidi ila uimeze pamoja na chakula.

Kijana wa Newala

Wakuu naomba msaada wa haraka. Mke wangu kafanyiwa miezi saba iliyopita, na jana kipimo kimeonyesha mimba. Tuliambiwa tusubiri mwaka na nusu. Tufanye nini?

Mama wa Lindi

Mwanangu, tulia, msigombane. Kesho mpeleke kliniki, usingoje tumbo lionekane, na waeleze oparesheni ya aina gani na lini. Aende na chupa zake zote. Waangalie vitamini A iliyomo: kwa mjamzito inafaa ile ya asili ya mimea, beta-karotini, na maini asile. Wakitaka kumnywesha maji ya glukosi kupima sukari, awaambie kwanza amefanyiwa nini, maana aliyechepushwa anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuishiwa nguvu. Zipo njia nyingine za kupima. Atapimwa damu mara nyingi kuliko wenzake, avumilie.

Kijana wa Newala

Asante mama. Kumekucha tunaondoka.

Mgeni (Mtwara)

Mimi ndiye dada wa kituo cha mabasi. Nimetumiwa uzi huu na mtu asiyejua kuwa ninahusika. Mwaka wa tatu sijameza kitu. Vidole vya mguu wa kushoto vina ganzi tangu Mfungo Sita, na sikukwambia siku ile kwa sababu niliona aibu. Ndani nina vidonge vya foliki, nianze leo?

Mleta mada

Mdogo wangu, usianze na foliki peke yake, acha kwanza daktari akuone na wakupime B12. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa getini hospitali ya Ligula nimevaa khanga ya kijani. Njoo na karatasi ya oparesheni kama unayo, na kama huna njoo hivyohivyo.