Tupeane uzoefu: jina ulilopewa na jina ulilojipa

Binti Rau: Wakuu habari za jioni. Mtoto wa dada yangu yuko kwangu kwa likizo, kidato cha pili. Juzi tunachambua mnafu jikoni, akaniuliza polepole, "Mama mdogo, wewe ni nani hasa?" Nilijua anachouliza. Nilibaki na jani mkononi.

Utotoni niliitwa jike dume kwa kupanda miparachichi. Sekondari nikaitwa tomboi, hilo nililipenda. Chuoni nikaitwa msagaji, nikalia wiki nzima. Nikiwa na miaka 25 nikajiita lesibiani, kimoyomoyo, wala sikumwambia mtu. Halafu nikampenda mwanamume, nikamzalia mtoto, na lile jina likawa kama gauni lililonibana. Sasa nina 38 na sikuwa na neno la kumpa mtoto. Tuambiane: ulianza na jina gani, leo unatumia lipi, kimekubadilisha nini? Wenye matusi naomba mpite.

Chuma cha Pua: Naweka kambi hapa.

Mama Sakina: Nilijiita bai, yaani anayependa wanawake na wanaume, miaka sita. Siku hizi sijiiti chochote. Nikiulizwa nasema nina mtu wangu, basi.

Kanga Nyekundu: Mleta uzi umenirudisha bwenini. Sijawahi kuandika haya popote.

Shule yetu ilikuwa juu mlimani, na anayejua Julai ya huko anaijua. Blanketi langu liliibwa, kwa hiyo nililala kwa rafiki yangu. Saa nane za usiku matroni akaingia na tochi. Tulikuwa tumelala tu, tumevaa sweta na soksi. Asubuhi tukasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima, majina yakasomwa, nikapewa barua nimpelekee mzazi.

Sasa sikieni. Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Barua iliandikwa "tuhuma za usagaji". Alivua kofia, akakung'uta unga kwenye nyusi, akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Umeiba mahindi ya shule ukayasaga wapi? Kwa nini hukuleta kwangu?" Alikuwa tayari kwenda kuyalipa. Akaanza kuhesabu ni madebe mangapi. Mama alimvuta nyuma ya nyumba kumweleza. Aliporudi hakunipiga. Aliwasha mashine, na haikuwa na mahindi ndani. Iliunguruma vile mpaka giza, maana ikiwa imewashwa hakuna anayeweza kuzungumza na mwenzake.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jina lilifika kabla ya jambo lenyewe. Yule msichana sikuwa nimemgusa. Kwamba nilimpenda, nilikuja kujua baada ya miaka mitano, nilipopata habari ameolewa Singida nikashindwa kula. Walinipa neno lao, mimi nikakaa nalo nikisubiri moyo ulifikie.

Baba alishatangulia. Mashine naiendesha mimi. Najiita msagaji, wala sitaki lingine lolote.

Mama Sakina: Nimesoma nikiwa kazini, imebidi nitoke nje. Pole sana dada.

Chuma cha Pua: Taja shule!

Mwanasheria Mtaani: Asitaje. Dada usitaje, wala kijiji. Watu wanasoma humu wakiwa na nia zao.

Mzee wa Hekima: Enzi zetu haya hayakuwepo. Mmeyatoa kwenye simu, ni mambo ya Wazungu.

Mjukuu wa Pwani: Mzee shikamoo. Neno msagaji nalo limetoka kwenye simu? Mimi nimelikuta kwa bibi yangu Tanga, na alilikuta kwa mama yake. Zanzibar mwaka 2004 walitunga kifungu dhidi ya usagaji, kifungo hadi miaka 5. Mtu hatungi sheria ya kitu ambacho hakipo. Na hata Wakurya wanawake huoana, nyumba ntobhu.

Mkurya wa Kijenge: Hapo naomba nikusahihishe kwa heshima. Nyumba ntobhu si mapenzi. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa na mwanamume, watoto wanakuwa wa yule mama na boma linaendelea. Bibi yangu alioa hivyo. Msimvishe nguo ambayo si yake. Mimi mwenyewe napenda wanawake na simhitaji bibi anitetee.

Mjukuu wa Pwani: Nimekubali, samahani. Ila bibi yangu alimwita jirani yake "shoga yangu" mpaka anazikwa. Nikilitamka leo mbele ya wanangu wananiziba mdomo, wanasema ni mwanamume wa aina fulani. Neno letu la urafiki limeondoka hivihivi tukiangalia.

Mzee wa Hekima: Hilo la shoga ni kweli. Marehemu mke wangu alikuwa nalo.

Chalii wa Kifodi: Mimi sijui kama nina haki ya kuandika hapa, maana jina la mwanamke nililiacha. Nilizaliwa binti. Nikapitia tomboi, nikapitia lesibiani, yote nikivaa kama kiatu cha kuazima. Transi nimelipata juzijuzi tu. Kiswahili chetu kimenihurumia sana, "yeye" ni yeye, "anakuja" ni anakuja. Mama anaweza kunizungumzia siku nzima bila kuniumiza. Maumivu yako kwenye dada na kaka. Mwezi uliopita nimepanda kifodi, daladala zetu za Arusha, cha Kijenge, konda akasema, "Chalii, sogea nyuma." Nilisogea nikiwa na furaha ya ajabu. Nilipotoa nauli nikasema "Mnara wa Saa", akasikia sauti, akanitazama. "Sista, chenji yako." Nilishuka kabla ya kufika, nikamalizia kwa miguu.

Binti Rau: Una haki yote ya kuandika hapa. Karibu kaka.

Mama Sakina: Ninayemfikiria ni yule mtoto wa dada yake mleta uzi. Mwambie ukweli, anajua tayari.

Mwanasheria Mtaani: Kidato cha pili? Usithubutu. Ataropoka Krismasi ukoo mzima uko mgombani.

Mkurya wa Kijenge: Mwambie umebadilika, na ni kawaida. Mtafiti mmoja Marekani, Lisa Diamond, alifuatilia wanawake 79 kwa miaka 10. Wengine walianza wakijiita lesibiani, wengine bai, wengine bila jina. Theluthi mbili walibadilisha angalau mara moja. Niliposoma hilo niliacha kujiona mwongo.

Chuma cha Pua: Mpe jembe akapalilie, maswali yataisha.

Binti Rau: Leo asubuhi karudia swali. Nimemtajia majina yote, moja moja, na nani aliniita na nilikuwa na umri gani. Akauliza lipi lilikuwa baya. Nikamwambia si jina, ni waliokuwa wanacheka. Akaendelea kukatakata mnafu. Kanga Nyekundu, nina madebe mawili ya mahindi, mashine yako iko upande gani?

Mwanasheria Mtaani: Usijibu hapa!

Kanga Nyekundu: Njoo chemba.