Boksi la vifaa vya shoki elfu tisa na mia tano, sili imeingizwa na kipande cha bomba la maji!

Wadau, salaam. Naandika mikono bado inanuka oili na kichwa kinachemka, kwa hivyo mkikuta neno kali mniwie radhi.

Niko Malindi, pande za Maweni. Nina Honda XR ya zamani ambayo naipenda kuliko inavyostahili. Jumapili naivusha daraja la Sabaki, nafika Mambrui, nashuka mchangani. Wa pwani mnajua kinachofuata: chumvi, na ule mchanga laini kama unga. Mwezi uliopita shoki ya mbele kushoto ikaanza kutoa jasho. Kwanza kijipete cheusi kwenye mrija, ile nguzo ya kromu inayopanda na kushuka, kisha mchirizi, kisha asubuhi moja nakuta oili imeteremka hadi kwenye diski ya breki. Hapo mzaha umekwisha, maana pedi ikishakunywa oili, huna breki.

Nikaapa kazi hii naifanya mwenyewe nyumbani. Fundi wa mwisho aliyezigusa shoki hizi alichokoa sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, kwa bisibisi akaniachia mkwaruzo ndani ya mguu wa shoki, na pesa nikamlipa. Bora ninunue vifaa vyangu, mara moja, vizuri. Ndivyo nilivyojidanganya.

Nikampigia muuzaji mmoja Mombasa. Simtaji, na nyinyi msinitajie hapa chini. Nikamweleza: Honda XR, shoki za kawaida, si zile za kupinduliwa, ambazo mrija wa kromu uko chini. Akanijibu, "Kaka, hii seti inaingia pikipiki zote. Ukichukua hii umemaliza." Elfu tisa na mia tano, na nauli ya basi juu yangu. Nikatuma.

Hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza mrija wangu una milimita ngapi, na hapo ndipo pa kuanzia! Kipigio cha sili, kile chombo cha kuigongea mpaka ikae, kinanunuliwa kwa milimita, jamani, hakinunuliwi kwa picha ya WhatsApp.

Boksi likafika, zuri, la plastiki, kila kitu na shimo lake. Nikatoa kipigio, vile vipande viwili vya chuma unavyovikumbatisha kwenye mrija. Pembeni kimechorwa 48. Nikachukua vernia, kile kipimo cha milimita, nikapima mrija wangu: 41. Nikatazama sili mpya, imeandikwa 41, 54, 11, yaani tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Sasa fanyeni hesabu. Sili inakaa kwenye shimo la 54 mdomoni mwa mguu. Kipigio chenye tundu la 48, ukiongeza na chuma chake, kwa nje kinapita 60. Kinakaa juu ya mdomo wa mguu kama sufuria ya pilau juu ya jiko la chai, na sili iko kule chini haiguswi kamwe. Ukigonga, unaugonga mguu wenyewe.

Kingine humo ni spana ya pembe nane ya kufungulia vifuniko vya shoki za kupinduliwa. Kifuniko changu kina pembe sita, soketi ya kawaida inakifungua. Kuna ndoano ya kung'olea sili, nayo siihitaji: kwa shoki kama zangu, ukishatoa klipu inayoibana sili na boliti ya chini ya mguu, unashika mrija unauvuta kwa nguvu mara tatu nne kama unayepiga nyundo kinyumenyume, sili inatoka yenyewe. Kilichofaa humo ni bomba la kunyonyea oili, na nalo parafujo yake ya kushikia kipimo imekwisha meno siku ya kwanza. Duka la dawa wanakuuzia bomba kubwa la sindano kwa bei ya soda, unatia kijipaipu, unakata kwa urefu unaoutaka, kazi ni ile ile.

Na kile nilichokihitaji kwa kweli, hakimo!

Jumamosi nzima imeniishia kwenye boliti ya chini. Unatia alenkii, ule ufunguo wa pembe sita, unazungusha, boliti inazunguka nawe kwa raha zake, wala haitoki. Ndani ya mguu kuna mhimili ulioshikwa na boliti hiyo, nao unazunguka pamoja nayo, hauna wa kuushika. Kuna chuma kirefu cha kuingizia kwa juu, chenye kichwa cha nati, kinachoubana mhimili usizunguke. Seti ya "umemaliza" haina chuma hicho. Nimejaribu hata mpini wa ufagio nilioupasua ncha, na mama watoto ananitazama tu mlangoni, ufagio ni wake.

Jumapili nikamwita ami mmoja wa Kisumu Ndogo, amezichezea pikipiki tangu mimi sijazaliwa. Akaja na mfuko wa rambo. Akaniuliza, "Boliti ya chini uliilegeza kabla hujafungua kifuniko?" La, ami. "Basi umemfukuza aliyekuwa akikushikia. Springi ndiyo inayoubana mhimili." Tukarudisha springi na kifuniko, nikausimamisha mguu kwenye ubao nikaulalia kwa uzito wangu wote, yeye akatia alenkii na kushtua mara moja tu. Tak! Boliti imelegea. Dakika tatu, bila shilingi. (Si kila shoki inakubali hivyo, nyingine mpaka kile chuma kirefu cha kushikia mhimili au mashine ya upepo ya kufungulia boliti. Lakini jaribuni hili kwanza.)

Ami akaenda kuswali adhuhuri. Mimi nikaona nisingoje. Nikasafisha, nikavisha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya mrija na oili kidogo ili sili isichanwe ikipita, nikaiteremsha vizuri kabisa. Kisha shetani akaniambia nikijaribu kile kipigio, nikikilaza upande huenda kikaifikia. Kikaifikia, upande mmoja. Sili ikazama kushoto, ikainuka kulia, mdomo wake ukakunjika. Sili mpya! Ami amerudi akatazama, akatazama boksi, hakusema neno. Kunyamaza kwake kumeniuma kuliko matusi.

Ndani ya rambo lake mlikuwa na kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, kimekatwa sawasawa na kupigwa msasa mdomoni. Kinapita kwenye mrija wa 41, na kwa nje kinaingia kwenye shimo la 54. Akatia sili nyingine mpya, juu yake ile mbovu ya zamani kama mto, kisha bomba, akagonga taratibu akizunguka mpaka mlio ukabadilika na mfereji wa klipu ukaonekana wote. Pia alipitisha ukucha kwenye kromu, akakuta vishimo viwili vya kutu ya chumvi, akavilainisha kwa msasa wa 2000 na oili. Vishimo hivyo ndivyo vilivyoila sili ya kwanza. Oili tukapima springi ikiwa nje, mrija umeshushwa hadi mwisho, kutoka mdomoni hadi uso wa oili, miguu yote miwili sawa.

Jumatatu nikampigia muuzaji. "Kaka, boksi likishafunguliwa halirudi." Namwambia kipigio ni cha 48, wangu ni 41. "Ulijuaje?" Nimepima! "Basi wewe fundi, jitengenezee." Akakata. Meseji anazisoma, hajibu.

Kwa hivyo kama kuna mwenye pikipiki ya mrija wa 48, kipigio kipo, kimeharibu sili moja tu, yangu. Pamoja na spana ya pembe nane, nusu bei. Uje Maweni na vernia yako upime kabla hujatoa pesa.