Nimeripoti hitilafu kwa adabu zote, nikaambiwa NITUMIE JINA LINGINE!!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Apu mnaijua, ile ya tiketi za basi, na yule jamaa wa huduma kwa wateja mnamjua pia. Sitaji mtu.

Jina langu la ukoo linaanza na Ng'. Kwetu Shinyanga ukiita "Ng'" stendi nzima inageuka. Sasa ukilijaza humo na kubonyeza Endelea, apu inajifunga. Ukitoa ritifaa, yaani hako kaalama ka ' juu, inapita kama haijatokea kitu.

Nikaandika ripoti ya kistaarabu. Aina ya simu, toleo la Android, toleo la apu. Hatua zote kwa mpangilio: fungua, chagua safari, andika jina lenye ritifaa, bonyeza Endelea. Nilitarajia nini, kikatokea nini. Maneno ya kosa nikayanakili yalivyo. Nikajaribu hadi kwenye simu ya mke wangu, wasije wakasingizia simu yangu. Ripoti ilinoga mpaka nikairudia kuisoma kwa raha zangu.

Jibu: "Ndugu mteja, tafadhali tumia jina lingine."

JINA LINGINE! Babu yangu kalipa kodi ya kichwa kwa jina hilo. Karani wa mkoloni kaliandika kwa kalamu ya wino, na kalamu haikujifunga!

Nikawajibu. Wakasema kwao inafanya kazi. Itaachaje, wakati wanaijaribu kwa jina la John? Kisha wakaandika "Imetatuliwa". Imetatuliwa na nani? Jina lingine! Nitakwenda hapo ofisini na ukoo mzima.

Kisiki_cha_Mpingo: Mkuu si uitwe tu Juma, safari yenyewe ya Kahama.

BintiPwani: Eti kalamu haikujifunga 😂😂 Nimekaa paleee.

FundiProgramu: Ugonjwa wa kale huo. Kwenye SQL, lugha ya kuiamuru databesi, ritifaa ndiyo inayofunga maandishi. Developa akilibandika jina lako moja kwa moja ndani ya amri, databesi inaona jina limeishia Ng, kinachofuata haikielewi. Na mlango huohuo ndio wezi wa data wanaoingilia. Ungeandika "mna tundu la usalama", wangekupigia usiku huohuo.
Ila na nyie watumiaji mnatuua. Mimi napokea "apu yenu mbovu", basi, hakuna zaidi. Mwingine anapiga picha skrini kwa simu nyingine, dole gumba limefunika kosa lenyewe. Mwingine anatuma sauti ndefu, nusu nzima jogoo anawika.

Mleta uzi: Mimi sikutuma jogoo. Nilituma hatua! Nikaambiwa JINA LINGINE!

Mama_Nyanya: Baba, uliandika ritifaa ipi? Kuna simu zinaipinda zenyewe. Iliyonyooka na iliyopinda kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Jaribu hiyo nyingine.

Mleta uzi: Mama, iliyopinda imepita! Lakini tiketi imetoka imeandikwa Ngâ€™. Kondakta ataniuliza mimi raia wa wapi.

Kisiki_cha_Mpingo: Si ndilo hilo jina lingine 😂😂😂

FundiProgramu: Hapo mfumo mmoja umeandika kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa (namna ya kuhifadhi herufi kama namba), mwingine umesoma kwa usimbaji wa zamani. Hiyo ni hitilafu ya pili, fungua ripoti yake peke yake, usizichanganye.

Mleta uzi: Nifungue nyingine? Ili safari hii wanibadilishie na kabila?

BintiPwani: Afadhali yako. Mimi apu ya mkopo imemtumia shemeji ujumbe kwamba nadaiwa, na sijawahi kukopa humo hata shilingi. Kulalamika, wakanijibu nisasishe toleo.

Kisiki_cha_Mpingo: Shemeji yupi huyo? Na namba yake waliipata wapi?

FundiProgramu: Uliwaruhusu kusoma orodha ya namba zako, dada. Angalia kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa.

Mama_Nyanya: Ruhusa baadaye. Tuletee habari za shemeji.

Mleta uzi: Wakuu, na jina langu je?

Kisiki_cha_Mpingo: Tulia wewe Ngâ€™. Enhe dada, shemeji akasemaje?