Tairi gani ya MTB (baiskeli ya milimani) inafaa njia ya lami na vumbi? Nimechoka na pancha

Gia Ishirini na Moja (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, nimekwama kweli.

Nina baiskeli ya mtumba, saizi inchi 26, fremu ya chuma, breki za kubana rimu. Naishi Nzuguni hapa Dodoma, ndani ndani huko ambako greda likipita leo, mvua ya kesho inarudisha makorongo. Kazini ni Mtumba, Mji wa Serikali. Kwa hiyo natoka nyumbani kwa mchanga na kokoto, naibukia barabara kuu ya Morogoro, kisha nanyoosha na lami mpaka kule. Jioni vivyo hivyo.

Pancha zimenizidi. Wiki haipiti. Nafika ofisini nasukuma baiskeli, suruali vumbi mpaka magotini, bosi ananitazama tu hasemi kitu. Nataka kubadili tairi zote mbili. Kuna za kashata kubwa (yale manundu ya tairi), upana inchi 2.35, na kuna nyembamba laini. Zipi zinahimili lami na vumbi kwa pamoja? Msaada wa haraka maana natakiwa niamue kabla ya Jumamosi.

Nawasilisha.

Jamvi la Kati

Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

Mnyamwezi Asilia

Kijana, ungekuwa na Phoenix, zile baiskeli za kizamani, usingeandika huu uzi. Sisi kwetu Tabora tumekua tunaona mtu anatoka porini na magunia mawili ya mkaa, juu yake kafunga na kuku, tairi ni 28 kwa 1½, haina kashata wala mbwembwe. Mchanga ukizidi anashuka anasukuma, ukiisha anapanda. Marehemu mzee wangu aliiendesha ya kwake mpaka kitako kikabaki chuma kitupu, akashonea ngozi ya mbuzi. Nyie wa siku hizi gia nyingi, safari fupi, malalamiko marefu.

Spoku 36

Mkuu, "saizi 26" peke yake haitoshi. Kuna 26 ya MTB, ubavuni utakuta 559, na kuna 26 ya zile baiskeli za kizamani za 1 3/8, hiyo ni 590. Haziingiliani hata fundi asimame juu ya bisibisi. Angalia ubavu wa tairi uliyonayo, kuna namba kama 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Muuzaji akikwambia 26 ni 26, mwonyeshe hiyo namba.

Kwa njia yako, sehemu kubwa ni lami. Kashata kubwa juu ya lami zinavuma kama mzinga wa nyuki, zinakula nguvu za miguu, na zinaisha katikati huku za pembeni zikibaki mpya. Tafuta zile zenye mstari ulioshikana katikati na kashata ndogo pembeni, upana 1.75 hadi 2.0. Kwenye lami unakanyagia ule mstari. Ukiingia vumbini tairi inazama kidogo, za pembeni zinashika. Ukizikosa, weka yenye kashata mbele na laini nyuma. Nyuma ikiteleza unaweza kuokoa, mbele ikiteleza umeshalala chini.

Upepo nao ni nusu ya tairi. Kama una kilo 70 au 80, anza na PSI (kipimo cha upepo) 45 au 50 nyuma, mbele punguza kidogo kwa sababu uzito mwingi unalala nyuma. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Ila kabla hujatoa hata senti: matundu yanatokea upande gani wa tyubu? Unaogusa tairi au unaogusa rimu?

Gia Ishirini na Moja

Shukrani sana mkuu Spoku. Ubavuni nimesoma 26x1.95, halafu 50-559. Uzito wangu kilo 82. Vumbi ni kama robo ya safari, iliyobaki lami.

Hizo zenye mstari katikati nimeziona dukani, ila kwa kuzitazama tu zinaonekana nyonge. Njia yangu ina mbigili wakuu.

Nkuhungu Boy

Mbigili za Dodoma hazina adabu. Zinatoboa kandambili zinakufuata na kwenye mguu. Dawa: chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, itandike ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo lakini unalala usingizi. Wenye hela wanaweka gundi ya maji ndani ya tyubu, tundu dogo linajiziba lenyewe.

Na ukipita kwenye majani makavu, shuka ubebe. Sitanii.

Dereva wa Masafa

Mnajadili kashata, mleta mada hajataja taa wala kizibao cha kung'aa. Barabara hiyo napita na semi. Saa moja asubuhi ukitoka Dodoma kuelekea Moro jua lote liko usoni, mwenye baiskeli namwona nikiwa nimeshamkaribia. Halafu mnapenda kukaa ndani ya lami kwa sababu pembeni kuna kokoto. Tairi nzuri haitakusaidia kitu ukiwa chini ya tela. Vijana heshimuni maisha, mna watu wanawategemea.

Mama Kisasa

Samahani, mimi nauliza tofauti. Shati unabadilishia wapi ukifika? Maana kwa jua la hapa na jasho hilo, mwenzio wa meza ya pili anateseka.

Spoku 36

Mleta mada, umejibu yote isipokuwa nililouliza.

Gia Ishirini na Moja

Mama Kisasa, shati nabeba kwenye begi, na choo cha ofisini kina maji. Dereva, nimekusikia, taa nitanunua.

Mkuu Spoku, anayeziba ni fundi wa pale njia panda, mimi huwa nakaa kivulini. Ila kwa kuwa umeng'ang'ania nimevua tyubu jioni hii. Viraka vyote viko upande wa rimu, vimepangana mstari. Lakini sioni inahusiana vipi. Mimi nimeuliza tairi.

Isitoshe, zile za 2.35 nimeshazitangulizia elfu 30, Jumamosi namalizia. Jamaa kaniambia nikifunga hizo nasahau pancha.

Nkuhungu Boy

Kumbe umeshalipa! Sasa ushauri tunaokupa ni wa nini, wa kukusindikiza?

Spoku 36

Sasa tumefika. Mbigili inaingilia upande wa barabara, haizunguki ikatokea mgongoni. Matundu ya upande wa rimu yanatokana na vichwa vya spoku, au ule mkanda unaovifunika umekatika au umehama. Ukijaza upepo, tyubu inasukumwa kwenye vile vishimo na ncha ya chuma, taratibu inajitoboa yenyewe. Ndiyo maana fundi anaziba na wiki ijayo unarudi. Yeye halalamiki.

Vua tyubu, pitisha kitambaa ndani ya rimu, kitakaponasa ndipo penye ncha. Kichwa kilichochomoza kipige tupa mpaka kisawazike. Kisha tandika mkanda mpya, ukiukosa kata ukanda wa tyubu ya zamani, utoboe tundu la valvu, uvishe ukiwa umevutika vizuri usihame. Ukifunga 2.35 juu ya rimu hiyo hiyo bila kufanya haya, unampelekea fundi mtaji.

Na pima nafasi kwenye uma wa nyuma. Fremu nyingi za mtumba 2.35 inagusa, hasa rimu ikiwa imepinda kidogo.

Gia Ishirini na Moja

Kugusa haigusi, nimeona baiskeli ya jirani inayo, na fremu inafanana na yangu. Halafu mnasahau mchanga. Pale kabla ya kutokea lami pana bonde, 1.95 inazama mpaka nashuka. Pana itapita. Kelele kwenye lami nitavumilia, mimi siendi mashindano.

Mnyamwezi Asilia

Kwenye mchanga dogo kasema kweli. Tairi pana yenye upepo mdogo inaelea. Ila asubuhi na ule upepo wa mwezi wa saba unaotoka mashariki, 2.35 ya kashata, kilo 82... utafika chai ya saa nne imeshanyweka.

Tangawizi Kali

Kwa kuwa chai imetajwa, niseme: huu uzi wote ni chai. Tena ya rangi.

Mtumishi wa Mtumba, kwa baiskeli? Wakati basi zipo na wenzake wanakopa magari mpaka mshahara unafika benki umechoka? Angalieni alivyopanga. Saizi kataja, bei kataja, sifa za muuzaji kataja, na mwisho "kabla ya Jumamosi". Pancha za wiki nzima lakini hajui zinatobokea wapi mpaka aulizwe mara mbili. Hili ni tangazo la tairi. Subirini, atatokea mtu kuuliza duka liko wapi.

Nkuhungu Boy

Mbona mimi nawaona watumishi wa baiskeli asubuhi pale Ihumwa? Wachache, ila wapo. Kuna mmoja mpaka kitambulisho kinapepea shingoni.

Tangawizi Kali

Huyo ni mlinzi.

Dereva wa Masafa

Mlinzi si mtumishi? Tusidharau kazi za watu humu.

Gia Ishirini na Moja

Tangawizi, mimi sina duka hata la karanga. Na sijasema nina cheo gani. Picha hiyo hapo, nimepiga sasa hivi na tochi ya simu.

[picha]

Mama Kisasa

Vumbi hilo ni la kwetu, sina ubishi. Lakini ndoo mmeacha wazi na mbu walivyo wengi.

Tangawizi Kali

Picha ya baiskeli kila mtu anayo.

Spoku 36

Mimi nimeikuza. Tairi ya mbele imefungwa kinyume, mshale wa ubavuni unaangalia nyuma. Na rimu ya nyuma kweli haina mkanda, spoku zinaonekana zote uchi. Mtu wa tangazo asingeweka picha mbovu namna hii.

Gia Ishirini na Moja

Mshale fundi alisema ni urembo tu.

Basi wakuu, nimeamua hivi. Mkanda nitaweka, nimekata tyubu tayari. Ila Jumamosi naenda kuchukua tairi zangu. Nikimbana sana jamaa labda atanipa moja ya 2.35 ya mbele na moja ya mstari ya nyuma. Elfu 30 yangu haiwezi kulala kule bure.

Spoku 36

Mbele pana, nyuma mstari, hapo sina neno. Nenda na tepu ukapime uma.

Mama Kisasa

Samahani tena jamani. Mwanangu naye ana ya 26 na tairi zimebaki vipara. Hilo duka liko upande gani?

Tangawizi Kali

Haya. Si mmeona?