Spika za kurusha sauti pande zote: zinaimba kweli au zinapaka ukuta kelele?

KoniChini: Wadau salamu. Ninazo zile za mtindo wa Lincoln Walsh, yule mhandisi wa Marekani, koni moja, ile sehemu ya spika inayotetema, imegeuzwa inaangalia chini halafu mlio unatoka kuizunguka. Mwaka wa tatu huu. Kila nikizitaja mtu ananiambia sauti yake ni ukungu. Mnaosema hivyo mmekaa nazo au mmesimuliwa? Za kwangu nikitoka kwenye kochi naenda mlangoni mwimbaji ni yuleyule, zile za mwanzo nilikuwa nikisimama tu twita, vile vispika vya milio ya juu, zinapotea. Kasoro ninayoijua mimi ni moja, zinakula wati, amplifaya yangu ndogo ilikuwa inachemka hadi naizima.

TwitaKali: Mkuu nilikaa nazo miezi minane nikaziuza. Nusu ya unachosikia ni ukuta wako. Mwimbaji peke yake na gitaa anakuwa mpana kama mlango, mdomo uko wapi hujui. Steji, ile picha ya nani yuko wapi, hakuna. Hizo ni spika za watu wanaopika, sio za watu wanaosikiliza muziki.

AltoWaKwaya: Wanaopika?? Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya miaka kumi na moja, nikiwa nakatakata vitunguu namsikia soprano akipanda nusu noti na namjua ni wa mstari wa mbele au wa nyuma. Nani kakwambia mikono ikiwa na kazi masikio yanafungwa?

TwitaKali: Dada usinielewe vibaya, sijataja mwanamke popote, kupika hata mimi napika. Ninachosema kusikiliza ni kukaa. Spika mbili na wewe, pembetatu, kiti kimoja, simu mbali. Ukitembea unasindikizwa na muziki tu.

MzeeWaSantuli: Vijana mnabishana kitu cha zamani. Sisi tulikuwa na Bose 901, imetoka 1968, spika tisa ndani ya boksi moja, nane zinaangalia nyuma ukutani na moja tu mbele, watu wanacheza chumba kizima hakuna anayelalamika hasikii. Hizo ndizo za pande zote.

KoniChini: Mzee wangu shikamoo, ila hapo nakataa. Ile inategemea ukuta kwa makusudi, ukiiweka katikati ya chumba imekwisha. Ya pande zote inatoa sawa mbele, nyuma na ubavuni, kama zile spika za kampuni ya mbl ya Ujerumani zenye vipande vilivyopindwa kama maganda ya chungwa.

MzeeWaSantuli: Marahaba. Lakini mimi nilikuwa nayo ndani, wewe umeisoma.

FundiWati: Naomba tutulie, maana ukuta unasingiziwa. Besi huwa inaenda kila upande hata kwenye spika ya kawaida, wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa kama mita 3.4, boksi lako halilizuii. Hezi 10,000 ni sentimita 3.4 tu, hiyo ndiyo inayonyooka mbele kama tochi. Kwa hiyo spika ya kawaida inaupa ukuta besi nyingi na mlio mkali kidogo, na ukuta unakurudishia sauti iliyofifia. Ya pande zote inaupa ukuta kile kile inachokupa wewe. Na ikikaa mita moja kutoka ukutani, ule mwangwi wa nyuma unachelewa kama milisekunde 6, sikio linauunganisha na sauti ya kwanza, mwanasayansi Helmut Haas alishaliandika hilo 1949. Ukiibandika ukutani kabisa ndio inavurugika. TwitaKali, ulizikalisha wapi?

TwitaKali: Moja pembeni mwa kabati, nyingine kwenye kona. Chumba hakikuruhusu. Ila hilo halibadilishi nilichosema kuhusu kukaa.

AltoWaKwaya: Yani umeziweka kona na pembeni mwa kabati, miezi minane, halafu lawama umezileta jikoni kwangu!

SautiMoja: Mimi nina HomePod, spika ya Apple, ile ya 2018, twita saba zimezunguka na besi inatazama juu, ina maikrofoni zinapima chumba. Nzuri kwa kweli, nyumba nzima inasikia. Lakini nikiwa nayo moja ngoma zote zinatoka sehemu moja, kushoto na kulia hakuna. Msichanganye sauti kusambaa na stirio.

FundiWati: Hapo umenena. Ziwe mbili.

TwitaKali: Nashukuru kuna anayeelewa steji. Kiti kimoja jamani.

AltoWaKwaya: Kiti kimoja, kiti kimoja. Baba yangu sikio la kushoto halisikii tangu alipougua. Kwenye pembetatu yako gitaa likiwekwa kushoto linamfikia kwa tabu, na akigeuza kichwa anapoteza la kulia. Nilipoweka hizi za pande zote, mbili, mbali na ukuta, akaacha kuhamahama kochi akaanza kuimba mistari aliyokuwa anairuka. Sasa niambie yule hasikilizi kwa sababu hajakaa katikati.

KoniChini: Na swali langu la ukungu limeishia wapi?

TwitaKali: Hilo la sikio moja sikuwahi kulifikiria dada, na neno la kupika nalifuta. Mpe salamu mzee. KoniChini, mwimbaji wako bado ni mpana. Vuta moja mita nzima kutoka ukutani, weka wimbo wa mtu mmoja na gitaa, uniambie mdomo uko wapi.